Jina la Hulka na Haki ya Mhusika

Mwalimu asahihishaye insha za wanafunzi juu ya riwaya za Kiswahili hukutana mara nyingi na hukumu ya namna moja. Mhusika akipenda leo na kuchukia kesho, akijidhuru mwenyewe au akiwadhuru wale wampendao, mwanafunzi humwita mgonjwa wa hulka, hutaja jina la ugonjwa kama lilivyoandikwa katika vitabu vya matabibu, kisha huweka nukta. Husema Rosa ana hulka ya mpakani. Husema Kazimoto ana hulka ya kujitenga. Naye msomaji wa insha hubaki akijiuliza ni jambo gani alilojifunza juu ya Rosa au Kazimoto ambalo hakulijua kabla. Jina limetajwa, lakini mtu hakuonekana.

Dawa ya kasoro hiyo si kuifukuza saikolojia katika uhakiki, kama wataka vyo baadhi ya wenzetu. Riwaya ni habari ya nafsi za watu, na elimu ya nafsi haiwezi kuwa mgeni asiye na kiti katika nyumba hiyo. Makala haya yadai jambo moja tu: kwamba sifa za hulka zikisomwa peke yake hutoa hukumu, bali zikiunganishwa na dhana zitumikazo katika tiba ya nafsi, yaani tiba ya mazungumzo baina ya mgonjwa na mganga wake, hutoa maelezo. Baina ya hukumu na maelezo pana tofauti kubwa, katika riwaya na katika maisha pia. Nitaionyesha tofauti hiyo kwa mifano ya upande huu wa magharibi wa Ziwa Viktoria, ninakoandikia, na ya nchi jirani. Kisha nitairudia riwaya.

Sifa na dhana

Hulka ni umbile la nafsi. Ni namna ya mtu ya kuhisi, kufikiri na kukabili wenzake, iliyozoeleka hata ikawa kama alama ya uso wake. Sifa ya hulka ni kipande kimoja cha umbile hilo: wasiwasi, ukali, kujitenga, au kutaka ukamilifu usiosamehe. Kila mtu anazo sifa kadha wa kadha, na bila ya hizo watu wasingetofautiana. Matabibu husema pana maradhi pale sifa zinapokuwa ngumu zisizokunjika, zikadumu kwa miaka, zikamharibia mtu mapatano na nafsi yake na mapatano na watu.

Yafaa mwanafunzi ajue kwamba orodha ya maradhi hayo haikushuka kutoka mbinguni. Kitabu cha uainishaji cha matabibu wa akili wa Marekani kilichapwa kwanza mwaka 1952. Katika toleo la pili, la mwaka 1968, ilikuwamo hulka iliyoitwa ya histeria. Katika toleo la tatu, la mwaka 1980, jina hilo likaondolewa na mahali pake likawekwa jingine, litokalo katika neno la Kilatini la mchezaji wa jukwaani. Katika toleo hilohilo hulka ya mpakani ikaingizwa kwa mara ya kwanza. Jina hili la mpakani lilikuwa limetumiwa na Adolph Stern mwaka 1938 kwa wagonjwa waliodhaniwa kukaa kati ya aina mbili za maradhi, aina ambazo wataalamu walikuwa wamezichora wao wenyewe. Basi jina hilo latueleza ramani ya mganga zaidi ya kutueleza nchi ya mgonjwa. Hata uainishaji wa kumi na moja wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, umeyafuta karibu majina yote ya zamani. Umeweka daraja tatu za uzito wa maradhi, na sifa tano za kuyaeleza: wingi wa hisia za huzuni na hofu, kujitenga na watu, kutojali haki za wengine, kukosa kujizuia, na ukamilifu mkali. Mwelekeo wa mpakani ndio pekee uliobakizwa kwa jina lake. Mhakiki anayempachika mhusika jina moja la orodha hana budi kukumbuka kwamba jina hilo laweza kufutwa na waliolitunga, ilhali riwaya ingali ikisomwa.

Dhana za tiba ya nafsi ni za jamii nyingine. Sifa hujibu swali hili: mtu huyu yukoje? Dhana hujibu jingine: amefikaje hapo, na kuwa hivyo kwamfaa nini? Kinga ya nafsi ni dhana. Yatwambia kwamba ukaidi au ubaridi wa mtu waweza kuwa ngao ya kuzuia maumivu asiyoweza kuyabeba. Uhamisho wa hisia ni dhana. Yatwambia kwamba mtu humkasirikia mwalimu wake kwa hasira aliyostahili kupewa baba. Mgawo ni dhana, iliyoelezwa kwa urefu na Otto Kernberg. Yatwambia kwamba nafsi iliyojeruhiwa mapema huwagawa watu mafungu mawili, wema wote na wabaya wote, kwa kuwa haijaweza kuamini kuwa mkono uleule hulisha na hupiga. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sifa ni chombo kinachoelea machoni petu; dhana yatufunza kuuliza mbao zilikatwa wapi, na fundi alikuwa nani.

Onyo la Mathari

Mtu aweza kusema kwamba mabishano haya ni ya vyumba vya madarasa. Sivyo. Katika Afrika Mashariki jina la hulka liliwahi kupachikwa si juu ya mtu mmoja bali juu ya bara zima. J. C. Carothers, aliyekuwa tabibu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa, nacho kikachapwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapa taarifa yake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Mambo ya ardhi iliyotwaliwa na kazi ya kulazimishwa yakafunikwa na habari za hulka ya Mkikuyu na hofu zake. Frantz Fanon, tabibu wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimjibu Carothers katika kitabu chake cha mwaka 1961, akaonyesha kwamba elimu ya namna hiyo huuchukua uchungu unaotokana na dhuluma ikaugeuza kuwa kasoro ya aliyedhulumiwa.

Somo la Mathari ni hili: jina la hulka likikatwa na historia, huwa wakili wa mwenye nguvu. Mhakiki asiyelijua hilo aweza kumfanyia mhusika wa riwaya yale ambayo Carothers aliwafanyia watu hai.

Kicheko cha Kashasha

Mfano wa pili ni wa mkoa huu wa Kagera. Tarehe 30 Januari 1962, majuma saba na siku chache tangu Tanganyika ipate uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, yapata maili 25 kutoka mji wa Bukoba, walianza kucheka na kulia bila ya kuweza kujizuia. Hali hiyo ikaenea. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Waliporudishwa makwao, hali ikaenda nao. Katika Nshamba watu 217 walipatwa, wengi wao vijana. Shambulio liliweza kudumu saa chache, au hata siku 16. Hakufa mtu. Walimu wa Kashasha hawakupatwa hata mmoja. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, waliochapisha taarifa yao mwaka 1963, hawakupata sumu wala kijidudu, wakahitimisha kwamba ilikuwa histeria ya watu wengi.

Tangu wakati huo dunia imekigeuza kisa hiki mzaha. Husimuliwa kama kwamba wasichana wa Bukoba waliambiwa kichekesho wakashindwa kunyamaza, ilhali taarifa yenyewe yataja machozi, hofu na mahangaiko. Christian Hempelmann, aliyekichunguza kisa upya mwaka 2007, alisisitiza kwamba kicheko kile hakikuwa na uhusiano na ucheshi, bali kilikuwa dalili ya dhiki. Na tukumbuke kwamba neno histeria lilikuwa na kazi mbili katika miaka ile: liliitwa tukio la umati, na liliitwa hulka ya mwanamke mmoja mmoja. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kuteleza kutoka katika maana ya kwanza hadi ya pili, na kusema kwamba wasichana wale walikuwa na nafsi nyepesi za kuchukuliwa na upepo.

Tuipime tafsiri hiyo. Maradhi ya hulka, kwa kanuni za matabibu wenyewe, hudumu miaka. Shambulio refu la Kashasha lilidumu siku 16. Hulka ni ya mtu mmoja; haiwezekani wasichana 95 wa ukoo mbalimbali wawe na kasoro moja ya hulka iliyofichama mpaka Januari ya mwaka mmoja. Zaidi ya hayo, mstari uliowatenga waliopatwa na wasiopatwa haukupita baina ya wenye hulka hii na wenye hulka ile. Ulipita baina ya wanafunzi na walimu, yaani baina ya wanaoamriwa na wanaoamuru. Sifa haiwezi kuueleza mstari huo. Dhana yaweza kuukaribia: dalili ya mwili huwa usemi wa mtu asiyeruhusiwa usemi mwingine. Kijana aliye mbali na mama yake, chini ya kengele, adhabu na mtihani, katika nchi inayobadilika mbele ya macho yake, hana mahali pa kusema kwamba amechoka. Lakini hakuna mwalimu awezaye kukiamuru kicheko kinyamaze.

Hata hapa uangalifu watakiwa. Dhana haithibitishi sababu; yatuonyesha tu mahali pa kuulizia. Taarifa ya kitabibu huhesabu wagonjwa, na hiyo ndiyo kazi yake. Asomaye taarifa kama maandishi, kwa jicho la mhakiki, ndiye apaswaye kuuliza: katika hesabu hii, sauti ya waliohesabiwa iko wapi?

Mama na mtoto wa Buganda

Pana wasemao kwamba dhana hizi zote ni za Ulaya na Marekani, hazituhusu. Historia yasema vingine. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikaa Uganda, akazitembelea kaya 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, na kuwatazama watoto wachanga wa Kiganda na mama zao. Aliona mtoto akitambaa mbali kidogo na mama yake, akigeuka kumtazama, akarudi, akaenda tena. Mama alikuwa kituo cha kuondokea na cha kurejea. Aliona pia watoto waliolia sana na kung'ang'ania, wasiokuwa na hakika kwamba mama yupo. Kitabu chake juu ya utoto Uganda kilitoka mwaka 1967. John Bowlby wa London ndiye aliyekuwa akiijenga nadharia ya ufungamano wa mtoto na mlezi; lakini ni katika nyumba za Waganda, nchi iliyo jirani na Kashozi, ambako Ainsworth aliutazama kwanza kwa macho, kabla ya majaribio yake mashuhuri ya Baltimore.

Leo waganga wengi wa nafsi huunganisha sifa za hulka na ufungamano huo. Amwonaye mtu mzima asiyevumilia kuachwa hata kwa saa moja hujiuliza kama mtu huyo aliwahi kuwa na kituo cha kurejea. Hata hivyo dhana hiyo yahitaji kusahihishwa na maarifa yetu wenyewe, kwani mkono mmoja haulei mwana. Mtoto wa huku hubebwa na bibi, shangazi na dada. Na mhakiki anayetafuta jeraha la mhusika katika mama peke yake ataacha nusu ya walezi nje ya mlango.

Rosa na Kazimoto

Sasa tuirudie riwaya. Katika *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, Zakaria ampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa akiisha kuwa mbali na nyumbani, shuleni na chuoni, hujiachia kwa wanaume wengi. Hujaribu kurudi katika mwenendo mwingine. Naye Charles, aliyetaka kumwoa, amwacha kwa kuwa si bikira, na Rosa ajiua. Mwanafunzi mwenye orodha ya sifa atazipata kwa urahisi: kukosa kujizuia, hisia zinazopanda na kushuka, hofu ya kuachwa, kujidhuru. Orodha yatimia, lakini mtu angali hajaonekana.

Tuiunganishe orodha hiyo na dhana. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetunga tiba mahususi kwa watu wa namna hii na kuandika kitabu chake mwaka 1993, asema kwamba mwenye hisia nyepesi hufikia hali hiyo anapokulia katika mazingira yanayozikana hisia zake: akisema anaumia huambiwa haumii, akionyesha anapenda huadhibiwa kama mkosaji. Mtoto huyo hapati jina la anachohisi wala kipimo chake. Hiyo ndiyo nyumba ya Zakaria. Rosa hakufunzwa kupima, alifunzwa kuogopa. Na hofu ni ukuta usio na mlango, ukianguka waanguka wote. Kwa hiyo uhuru wa chuo haukumharibu kama wasemavyo wasomaji wengi. Ulionyesha tu kwamba nyumbani hakupewa kitu cha kuutumia uhuru huo.

Dhana ya mgawo yatupeleka mbali zaidi. Twategemea kuukuta mgawo katika nafsi ya Rosa; twaukuta katika jamii yake. Charles aweza kumwona mwanamke kwa namna mbili tu: bikira astahiliye ndoa, au mchafu astahiliye kuachwa. Rosa aliyekosea, akajuta, akajitengeneza, hana fungu la kuwekwa. Basi kama pana ugonjwa wa kuwagawa watu mapande mawili, umo katika macho yanayomtazama Rosa kabla haujawa katika Rosa. Mwandishi mwenyewe alilijua hilo, kwa maana mwishoni huwapeleka wahusika mbele ya hukumu ya Mungu, na swali la nani mwenye kosa halimwangukii binti peke yake. Si ajabu kwamba kitabu hicho kilizuiwa mashuleni kwa muda: ni vyepesi kukiita kitabu kichafu, kama ilivyo vyepesi kumwita Rosa mgonjwa. Anayemtaja Rosa kwa jina la hulka na kunyamaza amemwachia Zakaria aende zake nyumbani.

*Kichwamaji*, riwaya ya mwaka 1974, yatuonyesha faida ya dhana na mpaka wake pia. Manase amemharibia maisha Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto akusudia kulipiza kisasi kwa kumtumia Sabina, dada yake Manase. Orodha ya sifa itasema kwamba hajali haki za wengine. Dhana aliyoieleza Anna Freud mwaka 1936, ya aliyeumizwa kujifananisha na mwenye kumwumiza, yasema zaidi: Kazimoto, kwa kumchukia Manase, amechukua umbo la Manase, na hata mwanamke wa kumlipia kisasi ni dada wa mtu, kama Rukia alivyokuwa dada wa mtu. Hapo twaona muundo wa riwaya nzima, si tabia ya mtu mmoja.

Lakini Kazimoto pia huuliza kama maisha yana maana, na swali hilo halitibiki kwa dhana. Mhakiki akisema kwamba ni dalili tu ya huzuni yake, amemnyang'anya mhusika haki ya kufikiri. Mgonjwa aweza kuuliza swali la kweli. Wajibu wetu ni kulijibu swali, au kukiri uzito wake, hata kama twajua limezaliwa katika maumivu.

Lugha ya kufariji

Ni lugha gani itakayoyabeba haya? Misheni ya Kashozi ilipoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1892, ililetwa huku desturi ya kuungama, na swali lake ni: nimetenda nini? Hospitali ilileta swali la pili: nina nini? Tiba ya mazungumzo yaleta la tatu: nimepatwa na nini, na nimejikinga vipi? Maswali matatu haya hayapigani, maadam kila moja likae mahali pake. Mtu aliyepatwa na jambo aweza pia kuwa ametenda jambo. Dhana hueleza, haifuti wajibu. Zakaria naye aliundwa na mtu.

Mkoa huu umekwisha kulijaribu swali la tatu katika msiba mkubwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka michache baadaye vijiji vilijaa yatima. Katika Nshamba, mahali palepale palipofikiwa na kicheko cha mwaka 1962, ulianzishwa katika miaka ya 1990 mpango wa kuwatunza yatima hao nafsi zao pamoja na miili yao, ukaitwa Humuliza, neno la Kihaya la kutuliza na kufariji. Mtoto asiyetii, asiyesema, apigaye wenzake, aliweza kuitwa mkaidi au mwenye roho mbaya. Na jina hilo lingemfuata mpaka utu uzima. Katika mpango ule aliweza kuulizwa amepoteza nani. Tofauti baina ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti baina ya hukumu na maelezo niliyoitaja mwanzoni, na hapa haihusu alama za insha. Yahusu mtoto atalala wapi, na kama atarudi shule.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hii. Kinga, uhamisho, mgawo, ufungamano, kituo, jeraha: yote ni maneno ya kila siku, na kila moja laweza kubeba dhana bila ya kuinama. Yanayotupungukia ni mazoea. Mwanafunzi anayetaka kuitumia elimu ya nafsi katika uhakiki na afuate, kwa maoni yangu, utaratibu huu: kwanza aieleze sifa kwa kutaja matendo yaliyomo katika riwaya, pili atafute dhana inayoonyesha sifa hiyo iliundwaje na inamfaa nini mhusika, tatu aangalie kama sifa hiyo haimo pia katika watu na desturi zinazomzunguka, na mwisho amwachie mhusika yale mawazo yake ambayo ni mawazo kweli. Jina la ugonjwa, likihitajika, lije baada ya hayo yote. Mara nyingi litaonekana halihitajiki tena.

Wenzangu walioizoea njia nyingine ya kuzisoma riwaya hizi watakuwa na la kusema, hasa juu ya Kazimoto, ambaye naamini hajasomwa akaisha. Na waandike.